Kutibiwa matatizo ya ulaji kwa simu ukiwa Dodoma: anzia hapa

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni hapa Dodoma, wenzangu wa chumbani waliamini nina mimba. Nilikuwa nakula nao vizuri, chipsi mayai au wali maharage, kisha natoweka kwenda choo cha mwisho wa korido, kile ambacho bomba lake lilikuwa na kelele. Mmoja wao akaninunulia kipimo cha mimba duka la dawa bila hata kuniuliza. Kikatoka hasi, wakahamia kwenye vidonda vya tumbo. Mimi nilijua ninachokifanya, yaani kujitapisha makusudi, ila sikuwa na jina lake kwa Kiswahili, na kitu kisicho na jina ni vigumu kukipeleka kwa daktari.

Nilitibiwa kwa simu, zaidi ya nusu mwaka, na mtaalamu ambaye hatujawahi kuonana ana kwa ana. Nimepona kiasi cha kuandika haya nikiwa nimeshiba. Nayaandika kwa ajili ya mtu aliye Dodoma mjini, Kongwa, Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, ambaye mtaalamu wa ugonjwa huu hayuko jirani lakini mtandao upo. Sitataja kilo wala kalori mahali popote. Aliyeugua anajua sababu: namba ya mwenzako unaigeuza mashindano.

Kwanza kabisa: wakati ambao simu si mahali pake

Ukiwa unazimia au unaona giza unaposimama, kifua kinauma, moyo unakimbia au unaruka mapigo, unatapika damu, miguu imevimba, au ukichuchumaa huwezi kuinuka bila kujishika, weka simu chini uende hospitali leo. Vivyo hivyo kama zimepita siku kadhaa hujala kitu, au umeanza kuwaza kujiua. Mpigie mtu akupeleke. Usiende peke yako kwa bodaboda ukiwa na kizunguzungu.

Kutapika mara kwa mara na vidonge vya kuharisha huondoa mwilini potasiamu, moja ya chumvi za damu, na moyo hauwezi kupiga sawasawa bila potasiamu. Mtu anaweza kuonekana mzima, anacheka, anaingia darasani, huku moyo wake uko ukingoni.

Kuna hatari ya pili ambayo familia nyingi hazijawahi kuisikia. Aliyekaa muda mrefu bila kula vya kutosha asijazwe sahani ghafla kwa huruma. Mwili ukipokea chakula kingi kwa mkupuo baada ya njaa ndefu, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, na hilo linaweza kuua. Madaktari waliliona waziwazi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale wafungwa waliokombolewa wakiwa wamedhoofu kwa njaa walipokufa baada ya kulishwa. Aliyekonda sana hurudishwa kwenye chakula chini ya macho ya daktari. Na kama una kisukari na umeanza kupunguza insulini ili ukonde, hilo nalo ni la hospitali haraka.

Hatua ya 1: Lipe jina

Siku hizi wengi tunasema matatizo ya ulaji. Ndani yake kuna sura kadhaa. Anoreksia ni pale mtu anapojinyima, mwili unapungua, lakini hofu ya kunenepa haipungui nao. Bulimia, iliyonipata mimi, ni kufakamia chakula kingi kwa muda mfupi huku ukihisi umeshikwa na kitu usichoweza kukizuia, kisha kujaribu kukifuta: kutapika, vidonge vya kuharisha, kufunga, mazoezi ya kupitiliza. Wapo wanaofakamia bila kufuta chochote baadaye, wakabaki na aibu tu. Hali hiyo iliingizwa kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni ulafi. Na wapo wanaokwepa vyakula kwa sababu ya ladha, umbile au hofu ya kupaliwa, bila kufikiria unene hata kidogo.

Wengi wenye shida hii hawajakonda. Mimi sikukonda. Watu walinisifu kwamba nimenawiri.

Kama bado una mashaka, jiulize maswali matano ambayo madaktari wa Uingereza waliyatunga mwaka 1999 na bado yanatumika duniani. Je, huwa unajitapisha kwa sababu unajisikia umeshiba vibaya? Una wasiwasi kwamba umeshindwa kujitawala kwenye kiasi unachokula? Umepungua uzito mwingi ndani ya miezi mitatu ya karibuni? Unajiona mnene wakati wengine wanasema umekonda? Je, chakula ndicho kinachoyatawala maisha yako? Ukijibu ndiyo kwa mawili au zaidi, una sababu ya kutosha ya kumtafuta mtaalamu. Maswali hayo hayatoi jibu la mwisho, yanakufungulia mlango tu.

Nchi hii ya kati ina kumbukumbu yake ya njaa. Wagogo wanaijua Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, iliyokausha vijiji kati ya mwaka 1917 na 1920. Bibi aliyelelewa kwenye simulizi za namna hiyo, ukimwambia mjukuu wake ana chakula mezani na hakili, atawaza kurogwa kabla ya kuwaza ugonjwa. Simlaumu. Lakini ndiyo maana usisubiri nyumbani wakutambue. Watapima malaria, taifodi, mimba, na wengine watanong'ona kuhusu UKIMWI, kabla ya mtu yeyote kukuuliza unakulaje.

Hatua ya 2: Mwili uonekane na mtu aliye hapa hapa

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo nisiyokubali uiruke. Mtaalamu wa mtandaoni anaona uso wako na ukuta wa nyuma yako. Haoni mapigo ya moyo. Skrini haipimi potasiamu. Mtaalamu makini hatakubali kuanza bila kujua nani anakupima mwili huku uliko, na asipouliza kabisa, hiyo ni alama ya kwanza ya kumwogopa.

Matibabu haya yanasimama kwenye mafiga matatu, na sizungumzii yale ya wakati wa kampeni: mtaalamu wa kwenye simu, daktari au nesi wa hapa, na mtu wa kula naye. Ukiondoa moja, sufuria inamwagika.

Kwa Dodoma mjini, unaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile watu wanayoiita Jenerali, au Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mkikaa na daktari usiseme "tumbo linasumbua." Nilisema hivyo mara mbili nikatoka na dawa za vidonda vya tumbo. Mara ya tatu niliandika kwenye karatasi nikamkabidhi: "Nakula kupita kiasi kisha najitapisha, mara kadhaa kwa wiki, tangu mwaka jana. Naomba nipimwe chumvi za damu na moyo." Alisoma, akafunga mlango, akavuta kiti. Karatasi ilifanya kazi ambayo mdomo wangu uligoma kuifanya.

Omba upimwe presha na mapigo ya moyo ukiwa umelala kisha ukiwa umesimama, potasiamu, sodiamu, fosfeti na magnesiamu kama wanacho kipimo, figo, sukari, wingi wa damu, na kipimo cha umeme wa moyo. Uliza mapema kadi yako ya bima inalipia vipi kati ya hivyo. Na majibu yakitoka safi, usidanganyike kwamba huumwi. Potasiamu inaweza kuwa sawa Jumatatu na kushuka Ijumaa. Waulize urudi baada ya muda gani.

Halafu kuna Mirembe. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili iko mjini kwetu, watu wanatoka mikoa ya mbali kuifuata, na sisi tunaoipita kila siku tumeligeuza jina lake kuwa tusi. "Huyu wa Mirembe huyu." Nilikuwa tayari kulipia mtaalamu wa nchi nyingine ili tu nisionekane nikiingia getini pale. Leo najiona nilikuwa mjinga. Kliniki ya wagonjwa wa nje si kulazwa: unaonwa, unaandikiwa, unarudi nyumbani. Kama mtaalamu wako wa mtandaoni ataona unahitaji dawa, ni daktari wa akili wa hapa atakayekuandikia na kukufuatilia. Fluoksetini, kwa mfano, hutumika kwa bulimia, lakini kipimo chake na kufaa kwake ni kazi ya daktari, si ya muuza duka la dawa.

Hatua ya 3: Jua unatafuta tiba ipi

"Kaunselingi" ni neno pana kama uwanja wa Jamhuri. Unaweza kuzungumza na mtu mwema mwaka mzima kuhusu utoto wako na bado ukawa unatapika.

Kwa watu wazima, tiba yenye ushahidi mwingi ni ile ya kubadili fikra na tabia iliyotengenezwa mahsusi kwa ulaji, kazi ya Christopher Fairburn na wenzake wa Oxford. Kwa kawaida ni vikao 20 ndani ya wiki 20. Aliyepungua sana uzito huhitaji muda mrefu zaidi, kama vikao 40. Haianzi na "kwa nini." Inaanza na leo umekula nini, saa ngapi, ukiwa wapi, nini kilifuata. Ni tiba ya daftari na ratiba, ndiyo maana inahamia kwenye simu bila kupoteza mengi. Mwaka 2020, korona ilipofunga kliniki duniani, vituo vingi vilihamishia matibabu haya kwenye video kwa lazima, na vingi havikurudi nyuma kabisa.

Kama mfuko ni mwembamba, uliza kuhusu kujisaidia kwa kuongozwa: unafuata kitabu au programu hatua kwa hatua, na mtaalamu anakupigia simu fupi kuhakikisha hujaacha. Mwongozo wa mwaka 2017 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaiweka njia hii mbele kabisa kwa watu wazima wenye bulimia au ulaji wa kufakamia: mazungumzo 4 hadi 9, ya dakika 20 hivi, kwa wiki 16. Mwanafunzi anayeishi kwa boom anaweza kuimudu. Haifai kwa anoreksia.

Kwa mtoto au kijana anayeishi na wazazi, tafuta tiba ya kifamilia, iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980. Humo wazazi ndio wanaoshika usukani wa chakula kwa muda, kisha wanaurudisha kwa kijana kidogo kidogo. Kwa simu inafaa vizuri, kwa sababu mtaalamu anaingia jikoni kwenu bila nauli. Kijana ambaye nyumbani ndiko kwenye shida anaweza kupiga 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Hatua ya 4: Mchuje kabla hujamlipa

Mtu wangu wa kwanza nilimpata kwa tangazo la mtandaoni. Alikuwa na sauti tamu na picha nyingi za machweo. Kikao cha pili akanitumia ratiba ya kupunguza tumbo, na chai anayoiuza yeye mwenyewe. Nilikuwa nimemlipa wiki nne mbele.

Kwa hiyo muulize haya, kwa ujumbe, kabla ya shilingi yoyote: Umesomea nini na umesajiliwa wapi? Umewahi kutibu wangapi wenye bulimia au anoreksia, na kwa njia gani? Nikizidiwa saa sita usiku nifanye nini? Utawasiliana na daktari wangu wa Dodoma nikikuruhusu? Anayejua kazi hujibu bila kuzunguka. Anayekasirika kuulizwa amekujibu tayari.

Daktari wa akili wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wengi wanaotoa ushauri mtandaoni kwa lugha yetu wako Nairobi, na Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014 yenye bodi yake ya usajili, kwa hiyo namba ya usajili unaweza kuiulizia huko. Mtaalamu wa Ulaya au Marekani mwulize kama kibali chake kinamruhusu kutibu mtu aliye nje ya nchi yake. Wengine hawaruhusiwi, na waungwana watakuambia mapema.

Lugha usiidharau. Nilijaribu kwa Kiingereza nikajikuta naeleza aibu yangu kama mtu anayefanya mtihani wa mdomo. Na chakula chenyewe: yule wa Kiingereza aliniuliza mlenda ni nini, nikatumia robo ya kikao kueleza mboga inayoteleza. Aliyemfuata, Mswahili, aliniuliza tu, "Mlenda wa karanga au mkavu?" Nikajua nimefika.

Kuhusu roboti za kuchati. Mwaka 2023 shirika kubwa la Marekani la matatizo ya ulaji, NEDA, lililazimika kuizima roboti yake iliyoitwa Tessa baada ya kuanza kuwapa watu ushauri wa kupunguza uzito. Watu waliokuja kutafuta msaada wa ugonjwa huu! Roboti ikusaidie kukumbuka ratiba, isikuamulie sahani.

Na siri zako. Mwaka huo huo wa 2023 kampuni ya BetterHelp, inayouza ushauri nasaha mtandaoni, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, kuishutumu kwa kugawa taarifa za wateja kwa kampuni za matangazo ikiwemo Facebook. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Una haki ya kuuliza maandishi ya vikao yanahifadhiwa wapi na nani anayaona. Tumia barua pepe isiyo ya kazini wala ya chuo.

Hatua ya 5: Saa, bando na mlango

Hili dogo lilinigharimu kikao. Kalenda iliandika 2:00 PM, nami nikakaa tayari saa mbili usiku, nimejifunga khanga, simu imejaa chaji. Saa ya mtandao haijui Kiswahili: hiyo ilikuwa saa nane mchana, na ilishapita. Kama mtaalamu yuko London, sisi tuko mbele yao saa mbili kipindi chao cha joto na saa tatu kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Nairobi hatupishani.

Video ya saa moja inaweza kula nusu GB na zaidi. Sauti tupu haifiki hata MB 100. Anzeni kwa video dakika kumi ili akuone uso, kisha mzime picha. Kubalianeni mapema: mtandao ukikatika, nani anampigia nani, na baada ya dakika ngapi. Ukikaa Ng'ong'ona au Nzuguni unaujua mwenyewe ule wakati wa jioni ambapo kila mtu yuko mtandaoni.

Faragha kwenye chumba cha kupanga chenye kuta za kusikika ni kazi. Mimi nilikuwa nakaa chini ya mwarobaini nyuma ya maktaba, spika za masikio, daftari mapajani, nikionekana kama mtu anayesoma. Rafiki yangu alikuwa anatumia gari ya kaka yake lililoegeshwa Area C. Mwingine aliwasha feni na redio mlangoni. Tungeni neno la siri: nikisema "mama anakusalimu," mtaalamu wangu alijua mtu ameingia, tukahamia kwenye hadithi za hali ya hewa. Na kumbuka ujumbe wa malipo ya simu unabaki na jina la mpokeaji. Kama simu mnashirikiana nyumbani, panga hilo mapema.

Hatua ya 6: Wiki za mwanzo zilivyo hasa

Utaandika. Kila unachokula, palepale, siyo jioni kwa kukumbuka, kwa sababu jioni tunajidanganya. Daftari langu lilikuwa dogo la kurasa 48. Saa, chakula, mahali, kilichotokea, nilichowaza. Bila kiasi cha gramu. Ukurasa wa siku mbaya ndio wenye thamani kuliko yote, na ndio unaotaka kuuchana. Upige picha umtumie kabla hujabadili mawazo.

Kisha inakuja ratiba: milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, na yasipite zaidi ya kama masaa manne bila kula, ukiondoa usingizi. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ananitania. Mimi ninayefakamia, niongezewe milo? Lakini ufakamiaji unalishwa na njaa. Ninayeruka chai na chakula cha mchana ndiye niliyekuwa navamia sufuria saa tatu usiku. Ratiba yangu ilikuwa uji wa ulezi au chai na chapati asubuhi. Saa nne ndizi, au zabibu zikiwa nyingi barabarani. Mchana ugali wa uwele na mlenda au maharage. Saa kumi karanga au mtindi. Usiku wali na mboga. Wiki ya kwanza tumbo lilijaa gesi nikaapa naacha. Wiki ya nne, kwa mara ya kwanza ndani ya miaka miwili, nilipita siku tatu mfululizo bila kwenda kile choo cha mwisho.

Ikitokea umetapika, usipige mswaki papo hapo. Asidi imelainisha meno na mswaki unayakwangua. Sukutua kwa maji, yenye baking soda kidogo ukiweza, kisha mlo unaofuata uwe kwa saa yake ileile. Usifidie kwa kufunga. Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu kuliko popote: kuruka mlo baada ya kosa kulionekana kama adabu, kumbe ndiyo ilikuwa kuni.

Kuhusu mizani, fuata anavyokuelekeza mtaalamu wako. Kwa wengi ni mara moja kwa wiki, siku ileile, na siku nyingine mizani usiiguse. Usitumie ile ya stendi ambayo kijana anasoma namba kwa sauti kama anauza nyanya. Nenda kwa nesi wako, mwambie aandike kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Mtu wa mezani

Nilimwambia mama yangu mwezi wa pili. Yuko Mpwapwa, kwa hiyo ilikuwa kwa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku?"

"Mama, naumwa. Siyo mimba, siyo vidonda vya tumbo. Nikila natapika makusudi. Nimeshindwa kuacha."

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha.

"Nani amekufanyia hivyo?"

"Hakuna mtu, mama. Ni ugonjwa. Nina daktari, nina mtaalamu."

"Haya. Mimi nifanye nini?"

Swali hilo uwe na jibu lake tayari, kwa sababu mzazi asiyepewa kazi atajitafutia, na ataanza na mganga au maombi ya kufunga. Nilimwambia: saa mbili usiku nipigie, tule wote, wewe huko mimi huku, usiniulize nimekula kiasi gani, kisha ukae na mimi nusu saa baada ya kula. Akafanya hivyo miezi mitano. Alinihadithia mbuzi wote wa kijiji. Nusu saa hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko kula kwenyewe, na mbuzi walinivusha.

Waambie pia wasichosema. Kwetu mwili ni salamu: "umenenepa, mjini kunakupenda," "mbona umekwisha hivyo?" Hawana nia mbaya. Mtu wako wa mezani ndiye awaambie mashangazi, wewe usijitwishe. Kwenye harusi na misiba ambapo kukataa sahani ni kumtukana mwenyeji, kaa karibu naye, pakua mwenyewe, na jua mapema utakula nini kabla hujatoka nyumbani.

Ramadhani na Kwaresima zina mtego wake, kwa sababu ugonjwa unapenda kujificha ndani ya ibada. Kwa Mwislamu, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, iko ndani ya Kurani yenyewe. Zungumza na sheikh unayemwamini ukiwa na maneno ya daktari mkononi. Kwa Kwaresima, padri au mchungaji mwenye busara atakubali ujinyime kitu kingine. Rafiki yangu wa Kondoa alitoa sadaka ya chakula kila siku badala ya kufunga, na yeye mwenyewe akala kwa ratiba.

Hatua ya 8: Ikigoma

Kwa bulimia na ufakamiaji, mabadiliko ya wiki nne za mwanzo yanasema mengi kuhusu safari nzima. Mwezi ukipita na daftari linaonyesha vilevile, msiendelee kwa mazoea. Muulize mtaalamu wako waziwazi: tubadili nini? Inaweza kuwa vikao viwili kwa wiki, dawa, au kuonana ana kwa ana. Uzito ukiendelea kushuka, vipimo vikiharibika, au dalili zile za mwanzo zikitokea, simu imefika mwisho wake, ni hospitali. Kuhama kutoka mtandaoni kwenda wodini si kushindwa kwa mtu yeyote.

Kukatiza kimya kimya ndiko kunakotuponza. Nilikimbia mara moja, wiki mbili sikupokea simu ya mtaalamu wangu. Aliniandikia: "Sihitaji maelezo. Alhamisi, saa moja usiku, nipo." Nikarudi nikiwa na daftari tupu. Tukaanza na ukurasa huo mtupu.

Vikao vya mwisho huachana, kila wiki mbili, na baada ya miezi kadhaa mnaonana tena mara moja kukagua. Kabla ya kuagana aliniambia niandike karatasi moja: dalili tatu kwamba inarudi, watu wawili wa kuwapigia, na mlo wa kwanza nitakaorudishia ratiba. Yangu iko nyuma ya kava la simu. Dalili ya kwanza niliyoandika ni kujikuta natafuta bomba lenye kelele. Mlo wa kwanza ni uji wa ulezi, saa moja asubuhi, na mama kwenye spika.